Metali ya Hungaria: uanze na Sear Bliss wapya wa 2024 au urudi Budapest ya 1986?

Kuhusu bendi kongwe, wajuzi hutoa ushauri mmoja: achana na albamu mpya, anza na ile waliyorekodi wakiwa vijana wenye njaa. Kwa bendi nyingi ushauri huo ni sahihi kabisa. Kwa metali ya Hungaria, yaani ile roki nzito ya magitaa makali, mimi siukubali, na ndiyo maana nimeweka albamu tatu mezani: Totális metal ya Pokolgép (1986), Anno Domini ya Tormentor (iliyorekodiwa 1988) na Heavenly Down ya Sear Bliss (2024). Mbili za kwanza utatajiwa na kila mtu anayejifanya anajua mambo haya. Ya tatu ndiyo ningekukabidhi kwanza.

Tuanze na matamshi, maana bila hayo hata kumuuliza mwenzako ni shida. Katika Kihungaria herufi s husomwa "sh", sz husomwa "s", na cs husomwa "ch". Mwimbaji Csihar ni Chihar, na mji wa Szombathely husomeka karibu na Sombat-hei. Tena mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya kwanza siku zote, wakati sisi tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hili la mkazo lina kazi yake huko mbele.

Pokolgép: metali ya kuimba kwa ngumi juu

Pokolgép ilianzishwa Budapest mwaka 1980, lakini santuri yake ndefu ya kwanza ikatoka 1986. Miaka sita hiyo haikuwa ya uvivu. Wakati ule santuri zilitolewa na kampuni ya serikali, Hungaroton, na sera ya utamaduni iliyosimamiwa na György Aczél iligawa kazi za sanaa mafungu matatu: zinazosaidiwa, zinazovumiliwa na zinazokatazwa. Bendi za gitaa zito ziliishi katika fungu la kati. Kupiga kumbini waliruhusiwa, ila mlango wa studio ulifunguliwa polepole mno. P. Mobil, walioanza 1973, walikaa hadi 1981 ndipo wakapata albamu ya kwanza. Kwa hiyo unapoweka Totális metal, husikii vijana wanaojaribu bahati. Unasikia bendi ambayo jukwaa limeshaikomaza kabla studio haijaikubali.

Magitaa ni mawili, la Gábor Kukovecz na la László Nagyfi. Msikilizaji wa muziki wa dansi aliyezoea gitaa la solo na la rithimu kila moja kushika njia yake atashangaa kidogo: hapa yote mawili hukimbia pamoja kwenye rifu moja, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa, kisha yakaachana ghafla solo inapofika. Juu yake kuna sauti ya József Kalapács, nyembamba, kali, yenye kupanda bila kupasuka. Ukiwajua Judas Priest wa Uingereza au Accept wa Ujerumani, hutahitaji kutambulishwa.

Sasa ule mkazo. Kwa kuwa kila neno la Kihungaria linaanza na kishindo, mstari wa wimbo nao unaanza na kishindo, na Kalapács anakipachika palepale ngoma inapopigwa. Matokeo yake ni vibwagizo vinavyotembea kama gwaride. Hujui neno hata moja, lakini mguu unajua. Katika albamu zote tatu, hii ndiyo utakayoanza kuimba nayo mapema zaidi, hata kama unachoimba ni matamshi matupu.

Na hapo ndipo na kasoro yake ilipo. Sehemu kubwa ya mapenzi ya Wahungaria kwa Pokolgép imo kwenye maneno, na maneno yote ni Kihungaria. Unabaki na gitaa na sauti, vitu ambavyo Uingereza na Ujerumani za miaka ileile zilivitoa kwa wingi, tena kwa studio bora. Ngoma zina mwangwi ule wa miaka ya 1980, besi imejificha. Ni albamu nzuri, ila kwa mgeni haina kitu ambacho hawezi kukipata kwingine, ukiacha lugha yenyewe. Mtu akiniambia anaipenda kuliko zote sitabishana naye. Akiniambia ndiyo mlango wa kuingilia, nitabisha.

Nitaje na jamaa zao, kwa kuwa majina yatakukuta tu. Endre Paksi alikuwa Pokolgép miaka ya mwanzo, akatoka, na 1986 akaanzisha Ossian. Albamu yao ya kwanza, Acélszív, yaani moyo wa chuma, ilitoka 1988. Nagyfi naye baadaye akaanzisha Omen. Kalapács aliondoka, nafasi yake ikashikwa na Joe Rudán, na mwaka 2000 Kalapács akawa na bendi inayoitwa kwa jina lake mwenyewe. Ossian wana melodi laini zaidi na wapenzi wasiohesabika nyumbani kwao, lakini kwao maneno yana uzito mkubwa hata kuliko kwa Pokolgép. Kwa asiyejua lugha ningewaweka mwisho wa foleni.

Tormentor: kaseti iliyofika Norwei

Hii ndiyo albamu yenye hadithi kubwa, na hadithi hiyo imewafanya watu wengi waipendekeze kwa mtu asiyeistahimili. Tormentor walikuwa vijana wa Budapest, mwimbaji wao Attila Csihar akiwa bado kijana wa miaka ya shule. Anno Domini waliirekodi 1988, lakini kwa miaka mingi haikuwa na santuri wala duka. Ilitembea kwa kaseti: mtu anakili, anaituma kwa posta, aliyeipokea naye anakili. Kila nakala inapoteza ubora kidogo, na kila nakala inaongeza sifa.

Moja ya mikono iliyozipokea ilikuwa ya Wanorwei. Bendi ya Mayhem ilipompoteza mwimbaji wake, Per Yngve Ohlin, mwaka 1991, ikamwita Csihar kutoka Budapest aende kuimba kwenye albamu yao De Mysteriis Dom Sathanas. Ilitoka 1994, na leo ni miongoni mwa nguzo za bleki metali duniani, lile tawi la metali lenye kasi, giza na mfoko. Mwaka uliofuata Anno Domini nayo ikachapishwa rasmi, na Nocturnal Art Productions ya Norwei. Yaani kazi ya Budapest ilipata karatasi zake ugenini, baada ya mwimbaji wake kuwa jina kubwa huko.

Kwa hiyo kihistoria hakuna ubishi: kati ya hizi tatu, Anno Domini ndiyo iliyoacha alama kubwa nje ya mipaka ya Hungaria. Lakini historia na starehe ya masikio ni mambo mawili. Sauti yake ni ya kaseti, gitaa linakwaruza, ngoma zinagongana. Csihar anafoka, ananong'ona, anacheka, anazomea. Ukiwa na hamu ya kujua sauti ya binadamu inaweza kufika wapi, ni darasa. Ukitaka wimbo wa kusindikiza jioni yako, utazima baada ya dakika tano.

Nani aichukue? Anayejua tayari Mayhem na wenzao na anataka kufika kwenye mizizi. Na mtu mwingine ambaye wengi humsahau: aliyezoea kelele za makusudi. Ukiwa umeipenda albamu ya Duma, wale vijana wa Nairobi waliotolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, basi masikio yako yameshavuka mto huo na Anno Domini haitakutisha. Duma wanatumia mashine na kompyuta, Tormentor wana magitaa na chumba kibovu, lakini moyo wa kumkera msikilizaji hadi akubali ni mmoja.

Sear Bliss: tromboni mahali pa gitaa la solo

Szombathely uko magharibi mwa Hungaria, karibu na mpaka wa Austria. Ni mji wa kale sana. Warumi waliuita Savaria, na Mtakatifu Martin wa Tours alizaliwa hapo. Uko mbali na Budapest na mambo yake, na naona hilo liliwasaidia Sear Bliss. Bendi ilianza 1993. András Nagy, mpiga besi na mwimbaji, ndiye pekee aliyebaki tangu siku ya kwanza. Wengine wamekuja na kuondoka. Heavenly Down ni albamu yao ya tisa, na imetolewa na Hammerheart, lebo ya Uholanzi. Hawana pupa: Eternal Recurrence ilitoka 2012, Letters from the Edge 2018, na hii 2024. Miaka sita, kisha miaka sita tena.

Kinachowatenga na kila bendi ya aina yao ni vyombo vya shaba. Tangu Phantoms, albamu yao ya kwanza ya 1996, wamekuwa wakiweka upulizaji ndani ya bleki metali, na baada ya muda tromboni ikawa ndiyo alama yao. Usije ukafikiria matarumbeta ya harusi za Dar es Salaam, yale yanayotangulia msafara wa magari yakimchangamsha kila mtu hadi muuza mihogo. Hapa tromboni haichezeshi mtu. Inaomboleza, inaita, wakati mwingine inatisha.

Na kuna sababu ya kiufundi inayofanya mchanganyiko huu ukubalike. Gitaa la bleki metali hupigwa kwa kuchapa uzi mmoja mbio mbio bila kupumzika, mpaka linakuwa ukuta wa sauti kali za juu. Besi iko chini kabisa. Katikati panabaki pengo, na bendi nyingi hulijaza kwa kinanda au huliacha wazi, ndiyo maana albamu nyingi za aina hii husikika baridi na nyembamba. Tromboni inakaa kwenye pengo hilohilo, karibu na eneo la sauti ya mwanamume. Tena haina vitufe vya kuigandisha kwenye noti. Mpigaji anasogeza mrija, na sauti inateleza kutoka noti moja hadi nyingine kama mtu anayeimba. Kwa hiyo katikati ya gitaa zisizo na huruma unasikia kitu chenye pumzi. Nagy anapofoka kwa sauti yake ya kukwaruza, tromboni inamjibu. Ni kama bendi ina waimbaji wawili, mmoja hana maneno.

Heavenly Down ina nyimbo nane, takriban dakika 40 zote pamoja. Urefu huo ni wa busara. Aina hii ya muziki ina ugonjwa wa kujirefusha. Hapa kila wimbo unafika unakokwenda na kuondoka. Kinanda kimetandazwa nyuma kama anga, tromboni inashika melodi kuu, gitaa linaongeza au kupunguza mwendo. Kurekodi ni safi bila kung'arishwa kupita kiasi. Ukiiweka baada ya Phantoms ndipo utaelewa kwa nini siungi mkono ushauri wa kuanza na ya kwanza. Phantoms ina ujana mwingi: kila wazo linaingizwa, hakuna linaloachwa, na vyombo vya shaba bado vinatafuta mahali pa kukaa. Ina uzuri wake, na wapo wasioona kitu kingine zaidi ya hiyo. Lakini wazo lililoanza 1996 ndilo limeiva 2024, na sioni sababu ya mgeni kula bichi wakati bivu lipo.

Hasara zake nazo ni nyingi kiasi. Nagy anafoka mwanzo mwisho, hakuna kibwagizo cha kuimba na marafiki. Mashairi ni ya Kiingereza, jambo linaloonekana kama ahueni kwetu, ila kwa mfoko ule hata mwalimu wa Kiingereza hatakamata nusu bila kuyasoma pembeni. Na mara ya kwanza itakupita kama ukungu. Ipe mara ya pili, ukifuata tromboni peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kujali kingine. Hapo ramani inajitokeza.

Utasikilizia wapi?

Swali hili linapuuzwa na wachambuzi wenye spika za bei mbaya, na kwetu ndilo linaloamua.

Kwenye spika ya simu, Totális metal inashinda bila mpinzani. Sauti ya 1986 haina besi nyingi ya kupoteza, na koo la Kalapács linapenya popote. Hata ndani ya daladala, konda akipiga bodi na abiria akibishana kuhusu chenji, bado utamsikia. Heavenly Down kwenye spika hiyohiyo ni uonevu: chini panakatika, kinanda kinageuka mvumo, na tromboni inasikika kama honi ya gari la mbali. Itafutie hedifoni za kawaida, si lazima za gharama, au redio yenye spika mbili, na chumba kitulie. Anno Domini haibadiliki sana. Mbovu kwa simu, mbovu kwa spika kubwa, na wapenzi wake watakuambia hiyo ndiyo raha yenyewe.

Kuhusu bando: albamu ya dakika 40 kwa ubora wa kbps 160 inakula karibu MB 48. Ukiipakua mara moja ukiwa kwenye waifai, hutaitumia bando tena hata ukirudia mara kumi. Kuitazama YouTube kila siku ni kulipia picha usizozihitaji.

Suala la ushetani

Najua litaulizwa, hasa kama unaishi na wazazi au una watoto nyumbani, basi tuliseme. Tormentor ni giza kwa makusudi. Wameimba kuhusu Elisabeth Báthory, yule bibi wa ukoo wa makabaila wa Hungaria anayesimuliwa kuua wasichana, na mazingira yote ya albamu yao ni ya makaburi na hofu. Kama jambo hilo linakukwaza, liheshimu na uache.

Pokolgép wana jina la kutisha na wanapenda moto, lakini ni bendi ya hevi metali ya kizamani, yenye makelele ya ujana na ukaidi. Mama mwenye nyumba atalalamikia sauti kubwa kabla hajalalamikia dini.

Sear Bliss wako mahali pasipotarajiwa. Kwa sauti yao ungedhani ndio wabaya kuliko wote, kumbe kwa miaka mingi mashairi yao yameelemea maumbile, anga na roho inayotangatanga kuliko kumtukuza shetani. Lakini anayepita nje ya dirisha hatasikia mashairi, atasikia mfoko. Hedifoni, kwa mara nyingine.

Kwa hiyo uchukue ipi?

Unayetoka kwenye roki ya kawaida, unayependa gitaa linaloimba na kibwagizo cha kupiga kelele, chukua Totális metal na usinisikilize mimi. Umeshajijua. Baada yake jaribu Acélszív ya Ossian.

Unayesoma historia ya muziki huu, au uliyetoka kwa Mayhem ukirudi nyuma, Anno Domini huwezi kuikwepa. Ila usimpe rafiki yako kama zawadi.

Wengine wote, na hasa wewe ambaye hujawahi kupenda metali na unajiuliza kama kuna kitu chako humo ndani, chukua Heavenly Down. Najua ni ajabu kumpa mgeni bleki metali kabla ya hevi metali ya kawaida. Lakini Pokolgép watakufundisha jambo ambalo Waingereza wangekufundisha vilevile, na Tormentor watakufukuza. Sear Bliss wana kitu cha kwao peke yao, na masikio yaliyolelewa na muziki wa upulizaji, kuanzia beni za pwani hadi bendi za dansi zenye saksafoni na tarumbeta, yana pa kushikia. Ukiipenda, rudi nyuma pole pole: Letters from the Edge ya 2018, kisha Glory and Perdition ya 2004, na Phantoms mwishoni.

Lipo jina moja ambalo sikuliingiza kwenye mashindano haya, kwa kuwa bendi yenyewe ni changa kwa kulinganisha na kwa kuwa muziki wake ni wa kuchanganya metali na ngoma za kienyeji. Dalriada wa mji wa Sopron, ulio mpakani na Austria, walitoa mwaka 2009 Arany-album, ambayo nyimbo zake zimejengwa juu ya mashairi ya János Arany, mshairi wa karne ya 19 anayejulikana kwa mashairi ya masimulizi. Kwa mpenzi wa tenzi hii inaweza kuwa njia fupi kuliko zote tatu. Tafuta kwanza tafsiri ya Kiingereza ya shairi mojawapo, ulisome lote, ujue nani anakufa na kwa nini, ndipo ubonyeze kitufe.